Tusilisingizie neno "nyuma"



Kila mwaka zinapita mikononi mwetu orodha za maneno, fotokopi ya fotokopi, zenye safu tatu: Kiingereza kushoto, Kifaransa katikati, Kiswahili kulia. Ukifika kwenye maneno yanayohusu upande wa nyuma, safu ya Kiswahili inaonekana imechoka. Kushoto kuna "back", "behind", "rear", "hind" na "posterior". Katikati kuna "dos", "derrière", "arrière" na "postérieur". Kulia kuna nyuma, nyuma, nyuma, nyuma, na nyuma tena.

Anayeisoma orodha ya namna hiyo anatoka na mafunzo mawili, na yote mawili ni ya uongo. La kwanza ni kwamba maneno hayo matano ya Kiingereza ni ndugu mapacha, na unaweza kuchukua lolote. La pili ni zito zaidi: kwamba Kiswahili ni lugha maskini, isiyo na namna ya kutenganisha mambo ambayo Mzungu ameyatenganisha zamani.

Maoni yangu ni kwamba umaskini uko katika orodha, wala hauko katika lugha yoyote kati ya hizo tatu. Kinachotenganisha maneno ya Kiingereza si sehemu ya mwili au ya kitu peke yake. Ni majibu ya maswali manne, na maswali hayo Kiswahili kinayajibu pia, kwa njia zake chenyewe. Tukiyajua maswali, maneno yatajipanga. Tusipoyajua, hata safu kumi hazitatusaidia.

Swali la kwanza ni hili: tunasema juu ya sehemu ya kitu, au juu ya nafasi iliyo nje yake? Hapo ndipo "back" na "behind" zinapoachana. "Back" kwanza kabisa ni jina la sehemu. Kitu kina "back" yake kama kilivyo na pembe au mlango. "Behind" kwanza ni kihusishi, kinachotaja nafasi ambayo kitu hicho kinaiacha upande wake wa pili. Mtu akiwa "at the back of the church", yumo kanisani, kwenye mabenchi ya mwisho, anasikiliza misa. Akiwa "behind the church", yuko nje, na ukuta unamtenga na padri. Wamarekani wameongeza kamtego kao: "in back of the church" kwao ni nje, sawa na "behind", lakini "in the back of the church" ni ndani. Kaneno kamoja, "the", kanamtoa mtu mvuani na kumwingiza chini ya paa.

Kama mtu bado ana shaka kwamba hayo ni maneno mawili tofauti, Kiingereza chenyewe kinatoa ushahidi kinapoyapanga pamoja. Mtu akisengenywa husema wamemsema "behind my back". Kama maneno hayo yangekuwa na maana moja, msemo huo ungekuwa kama kusema "nyuma ya nyuma yangu", upuuzi mtupu. Lakini unaeleweka vizuri sana: "back" ni mgongo, na "behind" ni nafasi iliyo ng'ambo ya mgongo huo, ambako macho hayafiki.

Je, Kiswahili hakioni tofauti hiyo? Kinaiona sana. "Ameketi nyuma kanisani" na "Amesimama nyuma ya kanisa" si habari moja, na hakuna mtoto wa Bukavu wala wa Lubumbashi atakayezichanganya. Tofauti haikubebwa na neno "nyuma". Imebebwa na kiambishi "-ni" upande mmoja na kiunganishi "ya" upande mwingine, na kitenzi kinasaidia. "Amepanda nyuma ya lori" na "Amejificha nyuma ya lori" ni mfano mwingine: wa kwanza yuko juu ya mizigo, wa pili yuko barabarani. Orodha ya maneno pweke haiwezi kuonyesha kazi hiyo, kwa sababu kazi imefanywa na sentensi. Kumbuka pia kwamba Kifaransa, ambacho tunakitegemea kama daraja, hapa hakivuki moja kwa moja: mtu aliye nyuma kanisani yuko "au fond de l'église", neno ambalo halimo kabisa katika safu ya katikati.

Swali la pili: kitu chenyewe kina uso? Gari lina uso, kwa kuwa lina upande linakoelekea. Jeshi linalotembea lina uso. Jengo lina uso, upande wa lango lake. Vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyopenda "rear". Neno hilo lina harufu ya jeshi na ya maandishi rasmi: kikosi kinacholinda mwisho wa msafara, dirisha la nyuma la gari katika kitabu cha fundi, tangazo linalokuambia uegeshe gari upande wa nyuma wa jengo. Katika mazungumzo ya kila siku Mwingereza husema "back door" na "back seat" bila shida, lakini akiandika ripoti anakimbilia "rear".

Sasa chukua vitu visivyo na uso: mkono, kisu, karatasi. Kiingereza kinasema "the back of the hand", "the back of the page", lakini hakuna anayesema "the rear of the hand". Mkono hauelekei popote. "Back" yake ni upande usio kiganja, basi. Upande wa kisu usiokata, na upande wa karatasi usiosomwa kwanza, nao ni "back". Kwa hiyo "back" ina maana mbili zilizolala pamoja: upande uliogeukia mbali na mwelekeo, na upande ulio kinyume cha ule wa kazi. "Rear" ina ile ya kwanza tu. Kiswahili nacho kinasema "mgongo wa mkono", na karatasi tunaiandika "upande wa pili".

Kitabu ni mtego mzuri kwa sisi tunaopitia Kifaransa. "Le dos du livre" ni ule ukingo ulioshonwa, unaoonekana kitabu kikiwa rafuni. Mwingereza ukingo huo anauita "spine", yaani uti wa mgongo. Akisema majibu ya mazoezi yako "at the back of the book", anamaanisha kurasa za mwisho. Anayetafsiri neno kwa neno kupitia "dos" atatafuta majibu kwenye gundi.

Halafu kuna wanyama, na hapo ndipo "hind" inapopata kazi. "Hind" ni kivumishi kinachotangulia nomino, na makao yake ni mwili wa mnyama: miguu ya nyuma ya ng'ombe, mabawa ya nyuma ya mdudu. Huwezi kusema mguu fulani "is hind", na kwa kawaida husemi kiti kina "hind legs", ingawa kina miguu minne kama mbuzi. Kwa nini mnyama apewe neno lake? Kwa sababu kwa mnyama mgongo hauko nyuma! Mgongo wa ng'ombe uko juu. Nyuma yake ni mkiani. Ni sisi tu, tuliosimama kwa miguu miwili, ambao mgongo na nyuma vimekutana mahali pamoja.

Wenzangu wa lugha za Kiafrika wataitambua hoja hii. Bernd Heine, mtaalamu Mjerumani aliyefanya kazi miaka mingi juu ya lugha za bara letu, alieleza katika kitabu chake cha 1997 kwamba majina ya mahali katika lugha nyingi yametoka katika viungo vya mwili, na kwamba kuna mifano miwili ya mwili: ule wa mtu na ule wa mnyama. Lugha inayofuata mwili wa mtu hulifanya neno la mgongo liwe "nyuma". Inayofuata mwili wa mnyama hulifanya liwe "juu", na mifano yake inapatikana kwa wafugaji wa Afrika ya Mashariki kama Wamasai. Kiingereza kimefuata mwili wa mtu, ndiyo maana "back" imekuwa "nyuma". Kiswahili kina "nyuma" ya mwelekeo, na kina "mgongo" ambao umebaki na mwili wote miwili: mgongo wa mtu uko nyuma, mgongo wa mlima uko juu. Lugha iliyobeba yote hayo haiwezi kuitwa maskini.

Na kitu kisicho na uso kabisa, kama mti? Mwingereza anauona mti kama mtu anayemtazama, kwa hiyo "behind the tree" ni upande wa mbali, ule asiouona. Clifford Hill alionyesha mwaka 1982 kwamba wasemaji wa Kihausa mara nyingi hufanya kinyume: mti wanauchukulia kama mtu anayeangalia kule wanakoangalia wao, wakifuatana kama watu wawili njiani. Kilicho upande wa mbali basi kiko mbele yake, na kilicho upande wa karibu kiko nyuma. Kwa Kiswahili cha kwetu, "nyuma ya mti" ni wapi? Je, mama wa sokoni na mwalimu wa shule watajibu sawa? Chupa moja, mti mmoja na watu thelathini vingetosha kumpa mwanafunzi wa mwaka wa tatu kazi ya mwisho wa mzunguko yenye maana kuliko kutafsiri tena orodha ile ile.

Swali la tatu: nani anasema na nani? Hapa heshima inaingia. "Behind", likitumiwa kama nomino, linakuwa jina la adabu la makalio. "Rear" nalo linaweza kufanya kazi hiyo, na "bottom", ambalo mama Mwingereza humwambia mtoto wake. "Posterior" ni neno la Kilatini lenye nyumba mbili: katika kitabu cha daktari linataja upande wa nyuma wa kiungo chochote bila mzaha, lakini mezani kwa watu linachekesha, kwa kuwa msemaji anajifanya msomi ili asitaje kitu. Kifaransa kinafanya vile vile na "derrière" na "postérieur".

Na sisi? Tuna "matako", lisilotamkwa mbele ya wakwe. Tuna "makalio", lililoundwa kwa adabu kutokana na kitendo cha kukalia. Tuna "nyuma" lenyewe, ambalo mgonjwa mwenye haya hulitumia mbele ya muuguzi. Angalia pia jinsi lugha mbili zisizo na ukoo zinavyofikiri pamoja: "bottom" ni sehemu ya chini ya kitu na pia makalio. Kwetu "kitako" ni sehemu ya chini ya chombo, bunduki ina kitako chake, na mtu hukaa kitako. Ukiweka maneno haya bega kwa bega darasani, mwanafunzi hatayasahau. Ukiandika "nyuma" mara tano, hana la kukumbuka.

Swali la nne: ni mahali au ni wakati? Kiingereza kinaweka mambo yaliyopita nyuma: "two years back". Lakini neno lake la "baada", yaani "after", lilianza kwa maana ya kilicho mbali zaidi, kilicho nyuma zaidi, na mabaharia bado wanaita upande wa nyuma wa chombo "aft". Mambo yanaonekana kugongana: yaliyopita yako nyuma, na yatakayofuata nayo yako nyuma! Hayagongani. Msafiri ameacha njia nyuma yake, hiyo ni siku iliyopita. Lakini katika msafara, aliye nyuma ndiye atakayefika baadaye. Picha ni mbili, na neno ni moja.

Lugha zetu nne za taifa zinajua picha hiyo ya msafara. Kwa Kilingala, "nsima" ni nyuma ya nyumba na pia baada ya kazi. Kikongo kina "nima" na Kiluba cha Kasai kina "panyima", kwa kazi zile zile mbili. Ukisikiliza "nyuma", "nima" na "nyima", unasikia mzizi mmoja wa Kibantu ukipita nchi nzima kutoka bahari ya magharibi hadi maziwa ya mashariki. Kiswahili sanifu kimeupa wakati neno "baada", lenye asili ya Kiarabu, lakini huku kwetu mtu akisema "nitakuja nyuma", mara nyingi anamaanisha saa, hamaanishi mahali.

Mtu atauliza: haya yote ni ya nini, si mchezo wa wanaisimu tu? Hapana. Wengi wetu tutakula mkate wa ukalimani: hospitalini, katika mashirika ya misaada, mahakamani. Thomas Lubanga alipohukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai mjini The Hague, katika kesi iliyoanza Januari 2009 na kufikia hukumu Machi 2012, mashahidi kutoka Ituri walizungumza Kiswahili cha kwetu, na majaji walisikiliza kwa Kifaransa na Kiingereza. Nitoe mfano wangu mwenyewe, usiotoka katika kesi hiyo. Shahidi anasema: "Askari walikuja nyuma yetu." Walitufuata wakiwa migongoni mwetu? Au walifika baada yetu, sisi tukiwa tumeshaondoka? Kwa Kiingereza lazima uchague, "behind us" au "after us". Katika chaguo la kwanza shahidi aliwaona au aliwasikia. Katika la pili huenda aliambiwa tu. Mkalimani aliyelelewa na orodha ataandika "behind" bila kusita, kwa sababu ndivyo safu ilivyosema. Mkalimani aliyelelewa na maswali atasita, na ataomba ruhusa ya kumuuliza shahidi. Kusita huko ndiko taaluma yenyewe.

Au mgonjwa anasema "kiuno kinaniuma". Orodha inasema "kiuno" ni "waist". Daktari wa Kiingereza akisikia "waist" anafikiria mahali pa kufunga mshipi. Maumivu hayo yeye anayaita "lower back". Hapo neno la mgongo linatakiwa kwa Kiingereza ingawa mgonjwa hakutaja mgongo hata mara moja. Na mgonjwa akisema "naumwa nyuma", mkalimani asiyejua adabu ya neno hilo ataandika "back pain", na tiba itaelekea mahali pengine.

Najua majibu yatakayotolewa. Walimu wetu wengine watasema orodha ni ya kuanzia tu, sentensi zitakuja baadaye. Nakubali kwamba anayeanza anahitaji kitu chepesi. Lakini kwa wengi orodha ndiyo inayobaki: mtihani unaulizwa kutoka humo, na inarithiwa na darasa linalofuata. Kinachoitwa cha kuanzia kimekuwa cha kumalizia.

Wengine watasema tupitie Kifaransa, kwa kuwa ndicho lugha ya masomo yetu na ni jirani wa Kiingereza. Ni kweli Kifaransa kinasaidia mahali: "arrière" na "derrière" zinatenganisha sehemu na nafasi vizuri. Lakini ujirani una hatari yake. "Rear", "arrière" na "derrière" yote matatu yametoka katika neno moja la Kilatini, "retro", na leo kila moja lina kazi yake. Ukoo wa maneno hautoi maana yake, kama vile ukoo wa mtu hautoi tabia yake. Ninachokataa si Kifaransa. Ninachokataa ni Kiswahili kuketi kila siku kwenye kiti cha mwisho, kama mgeni aliyefika chakula kimekwisha, halafu kulaumiwa kwamba hakina kitu sahanini.

Ninapendekeza mambo mawili, na hayahitaji fedha. Kwanza, katika kila orodha tutakayoiandika upya, safu ya Kiswahili isiwe na neno pekee. Iwe na sentensi moja inayosemwa na watu wetu, na lugha nyingine zitafute namna ya kuifikia hiyo. "Ameketi nyuma kanisani." "Amejificha nyuma ya lori." "Ng'ombe ameumia mguu wa nyuma." "Mgongo wa mkono umevimba." "Atafika nyuma." Sentensi hizo tano zinafundisha Kiingereza zaidi ya safu zote tatu tulizo nazo. Pili, katika mtihani wa tafsiri, tusiulize tu "back" ni nini kwa Kiswahili. Tuulize: umechagua neno hili, umejibu swali gani kati ya yale manne?

Mabaharia wa pwani wana majina mawili ya ncha za chombo: omo kwa mbele na tezi kwa nyuma. Husema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Neno hilo "tezi" halimo katika orodha yetu, ingawa Kiingereza kina "stern" na tunafundishwa kwamba Kiswahili hakina pa kuiweka. Kabla ya kusema lugha haina, tuangalie kwanza kama tumeiuliza.